Mto Ulioosha Dhahabu Kabla ya Watu

Katika toleo lililopita niliandika nusu ukurasa tu kuhusu mto Yuba wa California, unaoteremka kutoka safu ya milima ya Sierra Nevada. Nilisema kwamba dhahabu yake ilikuwa imeoshwa na maji kwa mamilioni ya miaka kabla mchimbaji wa kwanza hajainama na karai lake. Barua zimekuja nyingi. Baadhi yenu mmeuliza mambo niliyopaswa kuyaeleza tangu mwanzo, na mmoja amenisahihisha, naye ana haki. Kwa hiyo safari hii safu nzima ni ya mto Yuba na jirani yake, American River. Nilifundisha jiolojia kwa miaka 27, na hakuna somo nililolipenda kuliko hili.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Umeandika kwamba dhahabu ina uzito mara 19 ya maji. Kama ni nzito hivyo, iliingiaje mtoni? Na ikishaingia, kwa nini mto haukuipeleka baharini pamoja na mchanga mwingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili. Nianze na lile jepesi.

Dhahabu haikuzaliwa mtoni. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, chini kabisa ya mahali ambapo leo ni Sierra Nevada, miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikipanda na kupoa polepole. Maji ya moto sana, yaliyobanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake, yalipenya kwenye nyufa yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, na dhahabu kidogo miongoni mwake. Yalipopanda yakapoa, nao mgandamizo ukapungua, yakatua mzigo wake humo humo nyufani. Ndiyo mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe gumu, yenye chembe za dhahabu. Ukanda mmoja wa mishipa hiyo, ambao wachimbaji waliuita Mother Lode, yaani mshipa mama, una urefu wa kilomita 190 hivi.

Kisha mvua, mizizi na barafu inayopanuka kwenye nyufa viliubomoa mlima punje kwa punje. Hapo ndipo tabia ya dhahabu inapoonekana. Piriti, yale madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, iliyokuwa jirani yake mshipani, huoza ikawa kutu. Madini mengine hugeuka udongo wa mfinyanzi. Dhahabu haiozi wala haishiki kutu. Mlima unakwisha, yenyewe inabaki, ikiporomoka na kifusi hadi bondeni.

Sasa lile la pili. Nitakujibu kwa kilichonipata mimi mwenyewe.

Mara ya kwanza nilipofika South Yuba, tawi la kusini la mto ule, ilikuwa Agosti, maji yamepungua, mawe ya mtoni meupe na makubwa kama nyumba. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyeosha mchanga wa mto ule tangu utotoni. Nilikuwa nimenunua karai jipya la chuma, na sikuweza kusubiri. Nikachota changarawe nyuma ya jiwe kubwa, nikazamisha karai majini, nikatikisa kushoto na kulia, nikaliinamisha maji yachukue kilicho juu, nikatikisa tena. Mchanga wa rangi ya kijivu uliondoka. Ukabaki mchanga mweusi, ule wa chuma ambao sumaku huushika, umejipanga ukingoni kama hilali. Na hapo nikaona vijichembe vya njano vinaelea juu ya maji, vikateleza ukingoni, vikaenda zake.

Dhahabu ikielea! Nilidhani nimerukwa na akili. Yule mzee alilichukua karai bila neno, akaliweka juu ya moto hadi chuma kikabadilika rangi, akaliacha lipoe, akanirudishia. Karai jipya la chuma hupakwa mafuta lisishike kutu, na mafuta hayo huifanya dhahabu laini kama unga ibebwe na ngozi ya maji. Nikaanza upya. Safari hii, baada ya robo saa, nyuma ya ile hilali nyeusi zilibaki chembe tatu. Nikizungusha maji taratibu, mchanga mweusi unakimbia, zenyewe hazitikisiki. Moja kati ya tatu ilikuwa na rangi ya ajabu, nitairudia mwishoni.

Siri iko katika kule kutikisa. Anayechambua mchele na changarawe ndani ya maji anaijua: ukiyumbisha bakuli, kilicho kizito kinatafuta chini. Mto nao hutikisa kitanda chake, lakini si kila siku. Siku nyingi za mwaka dhahabu imelala kimya na maji yanapita juu yake. Yakija mafuriko makubwa, changarawe yote ya chini inalegea na kusogea kwa pamoja, na katika msukosuko huo dhahabu inazama, inazama, mpaka ikutane na kitu kinachoizuia. Mara nyingi ni mwamba wenyewe, au tabaka la udongo mgumu.

Sehemu nyingi za Yuba mwamba huo ni sleti iliyosimama wima kama kurasa za kitabu kilichokatwa juu, na mto unazivuka kurasa hizo. Kila ufa ni mfuko. Wachimbaji waliomiminika huko mwaka 1849 kutafuta dhahabu walichokonoa nyufa hizo kwa visu vya kawaida tu, nao walipata. Mahali pengine pa kutazama ni upande wa ndani wa kona, nyuma ya mawe makubwa, na pale korongo jembamba linapopanuka ghafla. Kote huko maji ya mafuriko hupoteza nguvu, na mzigo wa kwanza kutuliwa ni ule mzito. Punje ya dhahabu hutua pamoja na kokoto nyepesi zilizo kubwa kuliko yenyewe mara kadhaa. Kwa hiyo mzoefu hatafuti dhahabu kwa macho. Anatafuta mahali ambapo mto ulitua kokoto kubwa.

Baharini? Ule unga laini kabisa huenda mbali, na sehemu yake hufika. Lakini punje haziendi, mwanangu. Hukaa karibu na mlima uliozizaa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni seremala kwa miaka mingi. Nimesikia kwamba aliyeiona dhahabu ya California kwanza alikuwa mwenzetu wa randa na msumeno. Ni kweli au ni hadithi?

JIBU: Ni kweli, fundi. James Marshall alikuwa seremala na fundi wa mitambo, na mwaka 1848 alikuwa akimjengea John Sutter, mwenye mashamba makubwa, kinu cha kupasulia mbao mahali paitwapo Coloma, kwenye South Fork, tawi la kusini la American River.

Tazama kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu wewe utaielewa kuliko wengi. Kinu kiliendeshwa na gurudumu la maji, lakini mfereji wa kutolea maji, ule wa chini ya gurudumu, ulikuwa haujachimbwa vya kutosha na maji yalikuwa yakirudi nyuma. Mchana vibarua walichimba na kulegeza udongo. Usiku Marshall alifungua maji yapite kwa nguvu yasombe kilicholegezwa. Asubuhi aliyafunga, akashuka kukagua. Asubuhi ya Januari 24 aliona kitu kinang'aa chini, juu ya mwamba uliooshwa.

Yule fundi alikuwa ametengeneza mtambo wa kuoshea dhahabu bila kujua. Mfereji mrefu wenye mteremko, changarawe iliyolegezwa, maji ya kasi, na mwamba wenye mikwaruzo chini wa kushika kilicho kizito: hivyo ndivyo mwalo wa wachimbaji ulivyo hadi leo. Miaka michache baadaye maelfu ya watu walijenga mifereji ya mbao kwa mfano huo huo, wakapigilia vipande vya mbao kwa kukingama sakafuni, kila kimoja kikifanya kazi ya ufa wa sleti. Kabla ya hapo walikuwa na karai tu, kisha sanduku la kuyumbishwa kwa mkono mfano wa susu ya mtoto.

Marshall aliigonga ile chembe kati ya mawe mawili; ikabonyea, haikuvunjika. Jennie Wimmer, mpishi wa kambi, aliitumbukiza nyingine katika chungu chake cha kutengenezea sabuni, ndani ya magadi makali, ikatoka inang'aa vile vile. Siku chache baadaye Marshall alimpelekea Sutter, nao wakaijaribu kwa asidi na kwa mizani. Tarehe tunaijua kwa sababu mmoja wa vibarua, Henry Bigler, aliandika kwenye daftari lake la kila siku kwamba kimeonekana kitu kama dhahabu mferejini. Siku 9 tu baadaye, Februari 2, Mexico ilitia saini mkataba wa kuiachia Marekani nchi ile, na pande zote mbili hazikuwa na habari.

Kinu hakikudumu, kwani vibarua walikimbilia mchangani. Watu wapatao 300,000 waliingia California katika miaka iliyofuata. Marshall hakutajirika. Mwaka 1872 bunge la jimbo lilimpa pensheni, ambayo ilikoma mwaka 1878, na mwaka 1885 alifariki akiwa maskini. Miaka mitano baada ya kifo chake wakamjengea sanamu pale Coloma, mkono umenyooshwa kuonyesha mahali alipoiona. Huwa naifikiria ile pensheni kila nikiona picha ya sanamu hiyo.

SWALI: Mwandishi, umeliita bonde la Yuba "bonde lisilo na watu" kabla ya 1848. Nimesoma historia ya Marekani chuoni. Naomba ulirekebishe hilo.

JIBU: Nalirekebisha, na nakushukuru. Lile lilikuwa kosa langu na lisingepaswa kuchapishwa. Bonde la Yuba na la American lilikuwa nchi ya Wanisenan. Hata jina Coloma limetokana na jina la kijiji chao, Cullumah. Walijua kila kona ya mito ile, walivua samoni humo, na katika mwaka wa kwanza wengi wao walifanya kazi ya kuosha mchanga kwa ajili ya wageni.

Yaliyowapata ni mabaya sana. Inakadiriwa kwamba mwaka 1848 wenyeji wa asili katika California nzima walikuwa kiasi cha 150,000. Kufikia 1870 walikuwa wamebaki 30,000 hivi. Magonjwa yaliwaua wengi, njaa pia, kwa sababu mito ilichafuka na samaki wakatoweka. Lakini wengi waliuawa kwa risasi, na vikosi vya wauaji vililipwa kwa fedha za umma. Sheria ya mwaka 1850, iliyopewa jina la kuwalinda, iliruhusu watoto wao kuchukuliwa na kutumikishwa. Mwaka huo huo wachimbaji wa kigeni waliwekewa kodi ya dola 20 kwa mwezi, iliyowafukuza Wamexico na Wachile wengi, wakati hao ndio waliowafundisha wengine kazi. Kodi ilifutwa mwaka uliofuata, kisha mwaka 1852 ikarudi kwa kiwango kidogo, na safari hii waliolipa zaidi ni Wachina.

Walikuwapo pia watu weusi, wengine huru, wengine waliochukuliwa na mabwana zao kutoka majimbo ya utumwa. Mskoti William Downie, ambaye mji wa Downieville kwenye North Yuba una jina lake, alipanda korongo lile mwaka 1849 na kundi lililokuwa na wanaume kadhaa weusi. Mji ukaitwa kwa jina lake.

SWALI: Ninapofanya kazi yangu ya udereva huwa nasikiliza vipindi vya sayansi. Kimoja kilisema California kuna kokoto za mtoni juu kabisa ya vilima, na ndani yake dhahabu. Mto unapandaje kilimani?

JIBU: Mto haukupanda, ndugu dereva. Mabonde yalishuka pembeni yake.

Miaka ipatayo milioni 50 iliyopita kulikuwa na mito mingine kabisa pale. Hali ya hewa ilikuwa ya joto na mvua nyingi, miamba ikaoza hadi chini sana, na mito mipana iliyokwenda magharibi ilijaza mabonde yake changarawe, mahali pengine zaidi ya mita 100 kwa kina. Dhahabu ya mishipa iliyooza ilizama chini ya changarawe hiyo. Halafu volkano zikaanza. Majivu yakafunika mabonde, tope la volkano na lava vikafuata, mito ya zamani ikazikwa na maji yakalazimika kutafuta njia mpya. Safu yote iliinuka upande wa mashariki na kuinamia magharibi, kama mlango wa pishi unaofunguliwa. Mito mipya, Yuba ya leo ikiwemo, ilipata mteremko mkali, ikachimba makorongo kushuka chini kuliko ilipokuwa mito ya kale. Hivyo kitanda cha mto wa kale kikabaki juu, mgongoni mwa kilima.

Kuna mfano mmoja ambao nilikuwa nikiuchora ubaoni kila mwaka. Katika wilaya ya Tuolumne kuna mlima uitwao Table Mountain, bapa juu kama meza. Miaka milioni 10 hivi iliyopita lava ilitiririka ndani ya bonde la mto, ikalijaza, ikaganda. Lava ni ngumu kuliko udongo na miamba iliyokuwa kingo za bonde. Kingo zikaliwa na mvua, lava ikabaki imesimama. Ukiutazama kutoka angani, mlima mzima umejikunja kona kwa kona, umbo la mto uliokufa.

Kwa hiyo kila mahali ambapo Yuba ya leo ilikata mto wa kale, iliichukua changarawe yake na kuiosha tena. Punje nyingi walizookota watu wa 1849 zilikuwa zimepita katika mito miwili. Nao wachimbaji waligundua hilo haraka: walifuata kijito kinacholipa, wakapanda, wakapanda, na dhahabu ikakoma ghafla katikati ya mlima. Pale juu wakakuta ukuta wa kokoto za mviringo. Tabaka la chini kabisa, lile lililokaa juu ya mwamba, lina rangi ya buluu iliyofifia kwa sababu hewa haijalifikia, na ndilo tajiri kuliko yote. Juu yake kuna mita kwa mita za changarawe nyekundu yenye dhahabu haba. Changarawe hiyo nyekundu ndiyo iliyoleta balaa la barua inayofuata.

SWALI: Mimi ni mkulima. Je, waliacha kuchimba kwa sababu dhahabu iliisha?

JIBU: Hapana, haikuisha. Walisimamishwa na wakulima wenzako.

Mwaka 1853, karibu na mji wa Nevada City, Edward Matteson alifunga mdomo mwembamba kwenye bomba la maji na kuuelekeza kwenye ukuta wa changarawe. Ukuta ukaporomoka. Kazi ya vibarua wengi ya wiki nzima ikawa ya mtu mmoja na siku moja. Kufikia miaka ya 1870 ule mdomo ulikuwa mzinga wa chuma wa urefu wa mtu na zaidi. Maji yalitoka mabwawa ya milimani kwa mifereji, na California nzima mifereji ya namna hiyo ilikuwa na urefu wa maelfu ya kilomita. Yakaingia mabomba yanayozidi kuwa membamba, yakatoka kwa nguvu ya kurusha mawe. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870 walitandika waya wa simu kutoka migodini hadi mabwawani, miongoni mwa za kwanza duniani za masafa marefu, ili tu wamwambie mlinzi wa bwawa afungue au afunge.

Hesabu yake ni hii. Kila meta ya ujazo ya changarawe nyekundu ilitoa dhahabu ya senti kadhaa tu. Kwa karai ni njaa. Kwa mzinga ni utajiri, mradi uangushe kilima kizima, na mradi pasiwe na anayekudai gharama ya kukiweka mahali. Nimesimama ukingoni mwa shimo la Malakoff, juu ya South Yuba. Lina urefu wa kilomita 2 hivi na upana unaokaribia kilomita moja. Kuta zake zimechongwa na mvua zikawa nguzo za rangi ya waridi na malai. Wageni hupiga picha, kwani ni pazuri kweli. Mimi nilikuwa nikijiuliza kile kilichokuwamo shimoni kiko wapi.

Kiko chini, tambarare. Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa serikali ya Marekani, alichapisha mwaka 1917 hesabu ya kifusi chote cha mizinga ya Sierra: zaidi ya meta za ujazo bilioni moja. Alisema ni karibu mara 8 ya udongo uliochimbwa kutengeneza Mfereji wa Panama. Alikifuata kifusi hicho kutoka makorongoni, kando ya mto Sacramento, hadi ghuba ya San Francisco, akaonyesha kwamba kinasafiri kama wimbi: kitanda cha mto kinainuka, kinafika kilele, kisha kinashuka polepole kwa miongo mingi.

Katika mji wa Marysville, pale Yuba inapoingia Feather River, wimbi hilo liliinua kitanda cha mto hadi kikawa juu kuliko mitaa ya mji. Fikiria unatembea sokoni na mto uko juu ya kichwa chako, umezuiliwa na tuta la udongo. Mwezi Januari 1875 matuta yalishindwa na mji ukafurika. Mashamba ya matunda na ngano kando ya Yuba, ardhi nzuri nyeusi, yalizikwa chini ya mchanga na kokoto ambako hakuoti kitu. Wakulima walijenga matuta, kifusi kikapanda, wakayainua, kikapanda tena.

Mwaka 1882 Edwards Woodruff, mwenye mali Marysville, alifungua kesi dhidi ya North Bloomfield Gravel Mining Company na wenzake. Jaji Lorenzo Sawyer, ambaye mwenyewe alikuja California wakati wa dhahabu na kuishi kati ya wachimbaji, alikwenda kuyaona mashamba na migodi kwa macho yake. Hukumu yake ya Januari 7, 1884, kurasa 225, ilipiga marufuku ya kudumu kumwaga kifusi mtoni. Haikukataza kuchimba dhahabu. Ilisema tu kwamba huna haki ya kuitupa taka yako shambani kwa mwenzako, na hilo peke yake likatosha kuizima mizinga, kwa maana faida yao yote ilitegemea mto ubebe taka bure. Mwaka 1893 sheria ya Caminetti iliruhusu waendelee kwa masharti ya kujenga mabwawa ya kuzuia kifusi, lakini enzi yao ilikuwa imepita.

Baada yao zikaja mashua za kuchotea zenye mnyororo wa ndoo, zikageuza kile kifusi cha tambarare ili kupata mabaki ya dhahabu. Karibu na Marysville zilifanya kazi hiyo kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1968, na vilima vya kokoto zilivyoacha bado vimejipanga safu kwa safu.

SWALI: Nina jiwe lenye kung'aa kama dhahabu. Nitajuaje?

JIBU: Litazame kivulini. Ulanga, lile jiwe la magamba membamba yanayong'aa, na piriti hutegemea jua liwapige kwa pembe. Dhahabu ni njano ile ile kivulini na juani. Kisha ichome kwa ncha ya sindano: ulanga unachanika, piriti inavunjika, dhahabu inabonyea. Marshall alifanya hivyo hivyo kwa jiwe.

SWALI: Mimi ni muuguzi mstaafu. Tulifundishwa kuogopa zebaki. Ni kweli wachimbaji hao waliimwaga mtoni?

JIBU: Ni kweli, dada yangu, na wewe unajua uzito wa jibu hilo kuliko mimi.

Zebaki hushikamana na dhahabu inapogusana nayo. Wachimbaji waliimimina kwenye mwalo, kati ya vile vipande vya mbao vilivyokingamishwa, ili ikamate unga laini ambao maji yangeuchukua. Mwisho wa kazi walikusanya ule uji mzito mweupe, wakauchoma, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Nyingi ilitoka milima ya pwani ya California yenyewe, hasa mgodi wa New Almaden karibu na San Jose. Lakini mwalo unaopitisha mawe ya mzinga mchana na usiku hutikisika, na zebaki ni metali ya majimaji: inamegeka, inakuwa vijitone, inapita kwenye maungio ya mbao. Mwalo mmoja ungeweza kupoteza kati ya asilimia 10 na 30 ya zebaki yake kila mwaka. Wataalamu wa idara ya jiolojia ya Marekani wanakadiria kwamba uchimbaji wa changarawe katika California ulipoteza kilo milioni 4.5 hivi, sehemu kubwa sana Sierra Nevada.

Haikuondoka. Katika matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza kuwa ile aina inayoingia mwilini mwa viumbe, kutoka mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa. Katika bwawa la Englebright, lililojengwa kwenye Yuba mwaka 1941 mahsusi kuzuia kifusi cha mizinga, wavuvi huonywa wasile mara kwa mara samaki wanaokula wenzao, na wajawazito na watoto huonywa zaidi. Mwaka 2009 California ilisimamisha pia pampu ndogo za kufyonza mchanga wa mtoni, na mojawapo ya hofu ilikuwa kuichokoa zebaki iliyolala.

Nilisema nitairudia ile chembe ya tatu. Mbili zilikuwa za njano. Ya tatu ilikuwa nyeupe kama fedha, laini, nzito vile vile, haikusogea kwa maji. Nilidhani nimepata platini, nikafurahi. Yule mzee aliinama, akaitazama bila kuigusa, akaniambia nisiishike kwa vidole. Ilikuwa punje ya dhahabu iliyovaa zebaki, akasema, na mwenye zebaki ile alikufa kabla babu yake hajazaliwa. Aliniazima kichupa cha kioo chenye kizibo, nikaisukuma humo kwa maji. Ninayo hadi leo, kizibo kimefungwa kwa nta, na bado ni nyeupe.